Nani Anasoma Daftari la Kompyuta Zetu?

Kila mwalimu aliyewahi kushika zamu analijua daftari la zamu. Ndani yake huandikwa saa ya kengele ya kwanza, idadi ya wanafunzi waliokuwapo na wasiokuwapo, mgeni aliyefika, kioo kilichovunjika na mtoto aliyeugua. Juma likiisha, mwalimu wa zamu hutia sahihi yake, naye mwalimu mkuu hutia yake chini. Na kila mwalimu mkweli anajua pia kwamba zipo shule ambamo sahihi hiyo ya pili hutiwa bila ya ukurasa kusomwa. Kioo kilichovunjika Januari huandikwa tena Februari, na tena Machi, kwa mwandiko wa watu watatu mbalimbali, mpaka siku mwizi apitie hapo.

Kompyuta nazo zina daftari lao la zamu. Mtumishi anapofungua mashine yake asubuhi kwa jina lake na neno lake la siri, mashine huandika: fulani ameingia, saa fulani, kutoka mahali fulani. Akikosea neno la siri mara tatu, huandikwa. Akifungua faili la mishahara, akibadilisha namba ya akaunti ya mkopaji, akichomeka kifaa cha kunakili, akijaribu kuingia katika sehemu isiyomhusu, yote huandikwa. Mabaharia huliita daftari lao la safari batli. Askari polisi wana kitabu chao cha matukio. Mafundi wa kompyuta huzungumza juu ya kumbukumbu za mfumo. Mimi nitaliita daftari la matukio, maadamu ndivyo lilivyo. Tofauti yake na lile la mwalimu ni kwamba mashine haichoki kuandika. Ofisi yenye kompyuta mia mbili yaweza kuandika mamilioni ya mistari kwa siku moja, na katika mamilioni hayo mstari wenye habari ya mwizi huenda ukawa mmoja tu, tena umefanana na jirani zake kama punje ya mchele ndani ya gunia.

Ndiyo maana imekua duniani biashara kubwa ya makampuni yanayolipwa kusoma madaftari hayo kwa niaba ya wengine. Mabenki, viwanda, hospitali, maduka na mashirika hutia sahihi mkataba. Kila mstari unaoandikwa na mashine zao hupelekwa papo hapo katika kituo cha kampuni iliyokodiwa. Programu huipanga mistari hiyo, huilinganisha, huondoa ile ya kawaida na kupiga kengele kwa ile inayotia shaka. Kisha watu wanaokaa zamu usiku na mchana huitazama kengele hiyo na kuamua kama ni moto au ni moshi wa jikoni. Wakiona ni moto, humpigia simu mwenye nyumba. Huduma hii sasa inatangazwa hata kwa asasi zetu ndogo, vikiwamo vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi wa Serikali. Wengi wanaosoma ukurasa huu ni wanachama wa vyama hivyo, na baadhi yao ni wajumbe wa bodi watakaoombwa kutia sahihi. Hivyo yafaa tulizungumze jambo hili mapema, kabla wino haujakauka.

Niseme tangu mwanzo kwamba siipingi huduma yenyewe. Anayedhani kwamba kila chama kinaweza kuweka walinzi wake wa kusoma madaftari usiku na mchana, na achukue kalamu apige hesabu. Juma lina saa 168. Kwa sheria yetu ya kazi mfanyakazi hafanyi zaidi ya saa 45 za kawaida kwa juma. Kiti kimoja kisichoachwa wazi hata kidogo kinadai watu wanne, na hapo pasiwe na aliyeugua, aliyekwenda likizo wala aliyefiwa. Kwa hali halisi ya binadamu kinadai watano au sita, wote wenye elimu ambayo haipatikani kwa bei rahisi. Chama cha walimu mia tano hakiwezi mzigo huo. Aidha, iko faida nyingine ambayo watu huisahau. Mwizi wa kompyuta akishaingia, moja ya kazi zake za mwanzo ni kuufuta mstari ulioandikwa juu yake. Kama daftari liko ndani ya nyumba aliyoivunja, atalifuta. Kama nakala ya kila mstari imekwisha kwenda nje mara tu ilipoandikwa, atabaki amefuta kivuli.

Hata hivyo, kukodi mlinzi ni jambo moja na kulindwa ni jambo lingine. Hilo lilithibitishwa kwa gharama kubwa nchini Marekani mwaka 2013.

Target ni kampuni ya maduka makubwa yenye makao yake makuu mjini Minneapolis. Katika mwaka huo ilikuwa imenunua chombo cha kugundua programu za wizi, kilichotengenezwa na kampuni ya FireEye, kwa dola milioni 1.6. Ilikuwa pia na kikosi cha wataalamu huko Bangalore, nchini India, kilichokesha kikitazama kompyuta zake saa zote. Kwa vipimo vya vitabu, huo ulikuwa ulinzi kamili. Mwezi Novemba wezi waliingia. Hawakuvunja lango kuu; walitumia jina na neno la siri waliloliiba kwa kampuni ndogo ya mafundi wa mashine za kupoza ya jimbo la Pennsylvania, ambayo iliruhusiwa kuingia katika mtandao wa Target kwa ajili ya shughuli zake za kikandarasi. Kutoka hapo wakatambaa mpaka kwenye mashine za kulipia, na tangu Novemba 27, wakati ambapo Wamarekani wanamiminika madukani kwa manunuzi ya mwisho wa mwaka, wakaanza kunakili kadi za benki za wateja.

Sasa msomaji asikilize vizuri. Chombo kile kilifanya kazi. Novemba 30 kilipiga kengele. Walinzi wa Bangalore nao walifanya kazi: waliiona kengele hiyo, wakawaarifu wakubwa wao wa Minneapolis. Desemba 2 kengele ikalia tena. Chombo chenyewe kilikuwa na uwezo wa kuifuta programu ya wizi bila ya kungoja mtu, lakini uwezo huo ulikuwa umezimwa. Na huko Minneapolis hapakutendeka kitu. Baadaye kampuni ilieleza kwamba watu wake walizitazama habari hizo, wakaona hazihitaji kushughulikiwa mara moja. Waliokuja kuwaambia kwamba wameibiwa ni Wizara ya Sheria ya Marekani, Desemba 12. Kufikia hapo habari za kadi zipatazo milioni 40 zilikuwa zimechukuliwa, pamoja na majina, anwani na namba za simu za watu wapatao milioni 70. Mkuu wa idara ya kompyuta aliacha kazi Machi 2014, na Mkurugenzi Mkuu akafuata Mei. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuzilipa serikali za majimbo 47 na Wilaya ya Columbia jumla ya dola milioni 18.5, na kwa hesabu zake yenyewe gharama zote za mkasa huo, kabla ya kutoa fedha za bima, zilipita dola milioni 290.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu wauzaji wa huduma hii hupenda kuzungumza juu ya macho, wala hawapendi sana kuzungumza juu ya miguu. Macho yalikuwapo, tena mengi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuinuka kitini, mwenye madaraka ya kusema: zima mashine hii sasa hivi, hata kama foleni ya wateja iko mlangoni, nitajibu mimi. Madaraka ya namna hiyo hayakodishwi. Mlinzi wa Bangalore, hata angekuwa hodari namna gani, hakuwa na amri ya kufunga duka la Minneapolis.

Hata macho yenyewe yana mipaka yake. Mlinzi wa mbali anaona kwamba mhasibu ameingia katika leja ya mikopo Jumamosi saa kumi jioni. Anajiuliza kama neno la siri lilikuwa sahihi, lilikuwa sahihi. Anajiuliza kama mashine ni ile ya siku zote. Ni ile ile. Basi anaendelea na mstari unaofuata. Hajui, wala hana njia ya kujua, kwamba mhasibu huyo yuko likizo ya uzazi Songea tangu mwezi uliopita. Mhudumu wa ofisi anajua. Dereva anajua. Maarifa ya namna hii hayamo katika kompyuta yoyote, na ndiyo mara nyingi yanayotenganisha mstari wa kawaida na mstari wa wizi.

Mwaka 1986 katika Maabara ya Lawrence Berkeley, California, mtaalamu wa elimu ya nyota aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ndogo ya kutafuta kwa nini hesabu ya matumizi ya kompyuta ilipungua senti 75. Mtu mwingine angezilipa mfukoni mwake na kwenda kunywa kahawa. Yeye alisoma daftari, akakuta mtumiaji asiyejulikana, akaunganisha mashine za kuchapa ili zinakili kila alichofanya mgeni huyo, na kwa miezi mingi akamfuatia nyuma hatua kwa hatua hadi Hannover, katika Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Alikuwa kijana Markus Hess, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakiziuzia idara ya ujasusi ya Kisovieti habari walizozichota katika kompyuta za Marekani. Stoll hakuwa askari wala mpelelezi. Alikuwa mtu wa nyumba ile ile, aliyekataa kuona hesabu yao haikai sawa.

Liko jambo lingine ambalo katika mikataba mingi halina hata sentensi moja, nalo ni kimya. Tumezoea kufikiri kwamba hatari ni pale daftari linapoandika jambo baya. Lakini je, likiacha kuandika?

Benki Kuu ya Bangladesh ilikuwa na mashine ya kuchapa iliyounganishwa na mtandao wa SWIFT, ambao mabenki ya dunia hutumia kupelekeana maagizo ya fedha. Kila agizo lililotoka au kuingia lilichapwa lenyewe katika karatasi. Hilo ndilo lilikuwa daftari lao. Usiku wa Alhamisi, Februari 4, 2016, wezi waliokwisha kuingia katika kompyuta za benki hiyo walituma maagizo 35 kwenda Benki ya Hazina ya New York, inayotunza fedha za kigeni za Bangladesh, wakitaka jumla ya dola milioni 951. Waliwahi pia kuweka programu ya kuficha maagizo hayo na kuiziba mdomo mashine ya kuchapa. Asubuhi ya Ijumaa, ambayo kwa Bangladesh ni siku ya mapumziko, watumishi wachache waliofika waliona trei haina karatasi iliyochapwa. Wakadhani ni ubovu wa kawaida wa mashine. Nani kati yetu watumishi asingedhani hivyo? Ni ofisi gani isiyo na mashine ya kuchapa iliyokufa?

Siku ya pili ilipotengenezwa, ikaanza kutapika karatasi, zikiwamo za New York zilizouliza kama kweli maagizo yale ni ya benki hiyo. Kufikia hapo New York nako wamefunga kwa mwisho wa juma, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila, ambako sehemu ya fedha ilikuwa imepelekwa. Maagizo matano yalikuwa yamepita. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudishwa, kwa kuwa wezi walikosea herufi katika jina la asasi waliyoitaja na benki moja njiani ikashtuka. Milioni 81 zikafika Manila, na nyingi zikamezwa na nyumba za kamari. Gavana wa benki, Atiur Rahman, alijiuzulu Machi 15.

Laiti pangekuwa na mtu ambaye kazi yake ni kushtuka mashine inapoacha kuandika! Huduma nzuri ya kusoma madaftari hupiga kengele pia kwa kimya, kwa kuwa mashine iliyoandika mistari elfu kumi kila siku haiwezi kuandika sifuri leo bila ya sababu. Mjumbe wa bodi anayetaka kujua kama kampuni inayojinadi kwake inaijua kazi yake, na aulize swali hilo la kimya kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu bei, liko jambo la kuudhi. Hesabu ya huduma hizi mara nyingi hufuata wingi wa mistari inayopelekwa, au daraja la leseni iliyonunuliwa. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi mwenye fedha kidogo hupunguza mistari, na mistari anayoipunguza ndiyo anayokuja kuihitaji. Mwaka 2023 watu walioingia katika barua za maofisa wa Serikali ya Marekani zilizotunzwa na Microsoft waligunduliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, kwa kuwa wizara hiyo ilikuwa imelipia leseni ya daraja la juu ambayo ndani yake mna daftari linaloonyesha ni barua gani imefunguliwa. Wateja wa leseni ya chini hawakuwa na daftari hilo; walikuwa wameibiwa bila ya hata mahali pa kutazama. Baada ya lawama nyingi Microsoft ilitangaza Julai mwaka huo kwamba ingeyafungua madaftari mengi zaidi bila ya malipo ya ziada. Kumuuzia mtu nyumba, kisha kumuuzia kando tundu la kuchungulia mlangoni, ni biashara ya ajabu.

Tuje kwenye suala ambalo kwetu ni zito zaidi, yaani daftari linakaa wapi na ni la nani. Daftari la matukio hueleza maisha yote ya ofisi: nani anaripoti kwa nani, leja gani hufunguliwa lini, mlango upi ni dhaifu, meneja husafiri siku gani. Anayelisoma kwa mwaka mmoja anaijua asasi kuliko mwenyekiti wake. Kulikabidhi kwa kampuni ya nchi nyingine si dhambi, lakini si jambo la kufanya kwa kutia alama ya vema katika kisanduku. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na majina na nyendo za watumishi wetu zilizomo katika madaftari hayo ni taarifa za watu. Ni wangapi kati ya waliokwisha kutia sahihi mikataba ya namna hii waliosimama hapo na kujiuliza?

Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba mafundi wa makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, waligundua mwaka mmoja kabla ya hapo kwamba kompyuta za jengo lile, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2012, zilikuwa na shughuli nyingi kupita kiasi kati ya saa sita na saa nane usiku, wakati ofisi zikiwa tupu, na kwamba habari zilikuwa zikielekea Shanghai. China ilikanusha vikali, na uongozi wa Umoja wa Afrika nao ukasema tuhuma hizo ni za uwongo. Sikusudii kuhukumu hapa. Nataja tu mambo mawili: kwa mujibu wa habari hiyo jambo lenyewe lilionekana katika hesabu ya saa za usiku, na lilidaiwa kuendelea kwa miaka mitano kabla ya mtu kuitazama hesabu hiyo.

Na maadamu tunazungumza juu ya saa: mlinzi aliyeko nje ataandika katika taarifa yake kwamba mtu aliingia saa 23:00. Hiyo mara nyingi ni saa ya kimataifa inayofuatwa na mashine, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwetu mtu huyo aliingia saa nane usiku, tena tarehe inayofuata. Nimeshuhudia kikao kizima kikimhoji mlinzi wa getini juu ya usiku ambao hakuwa kazini, kwa sababu hakuna aliyefanya hesabu hiyo ndogo. Mzee yule alitoka jasho bure.

Mlinzi wa kukodi anaweza pia kugeuka kuwa mlango. Ili asome madaftari na kutengeneza mashine kwa mbali, hupewa funguo za nyumba nyingi kwa mpigo, na mwizi mwenye akili huona ni nafuu kumwibia yeye funguo zote kuliko kuvunja nyumba moja moja. Julai 2, 2021 wezi walipenya katika programu ya kampuni ya Kaseya, inayotumiwa na makampuni ya kuhudumia kompyuta za wengine, na kwa njia hiyo wakafunga kompyuta za biashara zilizokadiriwa kufikia 1,500 katika nchi mbalimbali. Huko Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalilazimika kufungwa kwa kuwa mashine za kulipia zilikataa kufanya kazi. Coop haikuwa hata mteja wa Kaseya. Ilikuwa mteja wa mteja.

Wako ndugu zangu watumishi watakaosema kwamba mambo haya yote ni njia mpya ya kuwapeleleza wafanyakazi: nani amechelewa, nani anasoma magazeti saa za kazi. Hofu hiyo si ya kipuuzi, nami nisingependa ipuuzwe. Daftari lile lile linaloonyesha mwizi linaonyesha pia mtumishi aliyemwandikia wakili wake au daktari wake. Hapana budi wafanyakazi waambiwe kwa maandishi kinachoandikwa na kwa shabaha gani, na nyayo za mtu mmoja zisifunguliwe bila ya watu wawili kuidhinisha, mmoja wao asiwe mkubwa wake wa kazi. Lakini tutazame na upande wa pili. Fedha zinapopotea katika chama, wa kwanza kunyooshewa kidole ni karani wa fedha, kwa kuwa ndiye mnyonge. Daftari lililotunzwa vyema, lenye nakala nje ya nyumba isiyoweza kuguswa na meneja, ndilo laweza kuonyesha kwamba saa ile karani alikuwa amekwisha kufunga mashine yake na kwenda zake. Bila ya daftari hilo, neno lake litapimwa na neno la wakubwa wake, nasi tunajua mizani huelekea wapi.

Nini basi kifanyike kwa vyama vidogo visivyoweza kuajiri walinzi sita, wala kumudu bei ya wakubwa? Nchi hii imewahi kukutana na tatizo la namna hiyo. Vyama vya ushirika havikuweza kila kimoja kuajiri mkaguzi wake wa hesabu, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria iliyounda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO, ili vikaguliwe na chombo kimoja cha pamoja. Fikra ile ile yaweza kutumika kwa madaftari ya kompyuta. Vyama mia moja vikichangia kituo kimoja cha zamu, chenye vijana wetu waliosoma vyuo vyetu, wanaojua Songea iko wapi na saa nane usiku ni lini, gharama ya kila kimoja itakuwa ndogo na maarifa yatabaki nyumbani. Kituo hicho kitakuwa na faida ambayo mlinzi wa chama kimoja hana: mwizi aliyejaribu dirisha la Iringa leo atatambulika kesho akijaribu la Mtwara. Najua litatokea la ucheleweshaji, vikao na posho za vikao. Hata hivyo ningependa kuliona likijaribiwa, hata kwa mkoa mmoja.

Kwa sasa, mikataba inaendelea kutiwa sahihi. Viwango vya makampuni ya kadi za benki vinadai daftari litunzwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na la miezi mitatu liwe karibu na mkono. Chama kinachonunua huduma inayofuta mistari baada ya siku 30 kinanunua usahaulifu. Mkataba useme ni mistari ipi inasomwa, nani mwenyewe wa daftari mkataba ukiisha, na baada ya dakika ngapi mlinzi atapiga simu. Kisha useme simu hiyo itamlilia nani.

Hilo la mwisho niliuliza mwaka jana katika mkutano mkuu wa chama ambacho mimi ni mwanachama. Mkataba ulikuwa na kurasa 31 na ulikuwa umelipiwa kwa miaka miwili. Meneja aliupekua mbele yetu mpaka kiambatisho cha tatu, akasoma jina la mtu wa kupigiwa simu usiku na mchana pindi kengele ikilia. Ukumbi ukacheka. Alikuwa mzee wetu mmoja, afisa mikopo, aliyestaafu miezi 14 kabla ya siku hiyo na kurudi kijijini kwake kulima. Jina lilibadilishwa juma lililofuata. Nafasi ya pili, ya mtu wa kupigiwa endapo wa kwanza hapokei, nilipoiulizia mwezi huu bado ilikuwa na kistari.